Ligi Irudi au Isirudi Wakati wa Janga? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mlipuko mpya wa ugonjwa unapotangazwa, mashabiki, viongozi wa klabu na hata wazazi wa wachezaji huanza kuulizana maswali yaleyale. Majibu yaliyo hapa yameegemea zaidi mwaka 2020, kwa kuwa mwaka huo nchi jirani za Afrika Mashariki zilikabiliwa na tatizo moja, janga la UVIKO-19, katika majuma yaleyale, na kila moja ikachukua njia yake. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa, msomaji anaelekezwa kwenye jibu husika.

## Mambo ya msingi

Ni nini hasa kilitokea mwaka 2020?

Ligi nyingi duniani zilisimama katikati ya mwezi Machi. Ujerumani na Uingereza zilisitisha mechi zao tarehe 13 Machi, siku moja baada ya kutangazwa kwamba kocha wa Arsenal, Mikel Arteta, amekutwa na virusi. Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 16 Machi, na siku iliyofuata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule na kusitishwa kwa mikusanyiko ya michezo kwa siku 30. Wakati huo Simba ilikuwa kileleni ikiwa na pointi 71 katika mechi 28 kati ya 38.

Baada ya hapo njia ziliachana. Shirikisho la Soka la Kenya, FKF, lilimaliza msimu tarehe 30 Aprili na kuitangaza Gor Mahia bingwa. FUFA ya Uganda ilifanya hivyo tarehe 20 Mei kwa kuipa Vipers taji, na siku mbili baadaye FERWAFA ya Rwanda ikaikabidhi APR. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo haikurudi uwanjani, na TP Mazembe ikawa bingwa. Tanzania ilirudi: Rais John Magufuli alitangaza tarehe 21 Mei kwamba michezo ingeruhusiwa kuanzia tarehe 1 Juni, na Ligi Kuu ikaanza tena tarehe 13 Juni. Burundi kwa upande wake ilikuwa miongoni mwa nchi chache, pamoja na Belarus na Nicaragua, ambazo ligi zake ziliendelea kuchezwa wakati karibu dunia nzima imesimama.

Soka huchezwa mahali pa wazi penye hewa ya kutosha. Kwa nini isimamishwe?

Kwa sababu mechi haiishii kwenye mistari ya uwanja. Kabla ya filimbi ya kwanza kuna basi lililojaa, chumba cha kubadilishia nguo, foleni ya getini na daladala za kwenda na kurudi, na baada ya filimbi ya mwisho kuna baa na majumba ya mashabiki. Wachezaji 22 wanaokimbia kwenye hewa ya wazi ni sehemu ndogo ya hatari yote.

Mfano unaotajwa zaidi ni mechi ya Atalanta na Valencia ya tarehe 19 Februari 2020. Ilichezwa Milan, katika uwanja wa San Siro, na watu zaidi ya 40,000 waliihudhuria, wengi wao wakiwa wametoka Bergamo, mji wa klabu ya Atalanta, ambao majuma machache baadaye ulikuwa miongoni mwa ile iliyoumizwa vibaya zaidi barani Ulaya. Hakuna anayeweza kusema kwa haki kwamba mechi moja ndiyo iliyouleta msiba wote, lakini ni vigumu kubuni njia nzuri zaidi ya kusambaza ugonjwa wa njia ya hewa kuliko kuusafirisha mji mzima kwa mabasi, kuwafanya watu wapige kelele kwa saa mbili na kukumbatiana kila bao linapoingia, kisha kuwarudisha nyumbani usiku huohuo. Tarehe 11 Machi mashabiki wapatao 3,000 wa klabu ya Atlético Madrid walisafiri hadi Liverpool kwa mechi, ilhali Madrid yenyewe ilikuwa imekwisha kufunga shule.

Nasi hatukuwa mbali na hatari hiyo. Yanga iliifunga Simba 1-0 kwa mpira wa adhabu wa Bernard Morrison tarehe 8 Machi, Uwanja wa Taifa ukiwa umefurika, siku nane tu kabla ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa nchini.

Nani mwenye mamlaka ya kusimamisha na kurejesha ligi?

Serikali ndiyo yenye neno la mwisho juu ya mikusanyiko, na shirikisho la soka ndilo lenye neno la mwisho juu ya msimamo wa ligi. Serikali inaweza kusema mpira usichezwe, lakini si kazi yake kusema nani bingwa. Shirikisho linaweza kumtangaza bingwa, lakini haliwezi kufungua uwanja uliofungwa kwa amri ya afya. Mambo huharibika pale upande mmoja unapovuka mpaka, au pale vyombo viwili vya soka vinapogombea kiti kimoja, kama ilivyotokea Kenya, ambako kampuni iliyokuwa ikiendesha ligi ilipinga uamuzi wa FKF na mgogoro ukafika mbele ya baraza la kuamua migogoro ya michezo.

Ligi ikisimama katikati ya msimu, kuna njia zipi?

Kwa kawaida ni tatu: kusubiri na kuendelea, kumaliza msimu kwa msimamo uliopo, au kuufuta kana kwamba haukuchezwa. Uholanzi ilichukua njia ya katikati kati ya hizo mbili za mwisho: mnamo Aprili 2020 ilimaliza msimu bila bingwa na bila timu kushuka daraja, ingawa ilipeleka timu Ulaya kwa kufuata msimamo. Ajax ilikuwa ikiongoza mbele ya AZ kwa tofauti ya mabao tu, na kwa hali hiyo uamuzi wa kutomvika mtu taji unaeleweka.

## Afya ya umma

Ni kipimo gani kinachopaswa kuamua kama ligi irudi?

Maoni yetu ni kwamba swali la kwanza lihusu vipimo, madaktari na magari ya wagonjwa, kabla ya swali la idadi ya wagonjwa. Ligi irudi ikiwa inaweza kujilinda kwa gharama yake bila kuchukua kitu ambacho hospitali inakihitaji. Ikiwa haiwezi, isirudi, hata kama mashabiki wamechoka kukaa bila mpira.

Ujerumani ilirudi mapema, tarehe 16 Mei 2020, kwa sababu ilikuwa na jibu la swali hilo. Bodi ya ligi yake ilionyesha kwamba vipimo vyote vya wachezaji na makocha vingekuwa chini ya nusu ya asilimia moja ya uwezo wa maabara za nchi hiyo. Katika awamu ya kwanza ya upimaji, vipimo 1,724 katika klabu 36 vilitoa majibu 10 ya maambukizi, na takwimu hizo ziliwekwa hadharani. Mtu aliweza kuupinga uamuzi ule, na Wajerumani wengi waliupinga, lakini alikuwa na namba za kupingia.

Nchi ambayo maabara moja inahudumia mikoa kadhaa haina uwanja huo wa kuchezea. Vipimo viwili kwa juma kwa timu 20, kila timu ikiwa na watu 35 au 40, ni vipimo vipatavyo 1,500 kila juma. Mahali ambapo muuguzi aliyemhudumia mgonjwa anasubiri majibu yake kwa siku kadhaa, kumpima winga mara mbili kwa juma ni jambo lisiloweza kutetewa.

Wachezaji ni vijana wenye afya. Wao wana hofu gani?

Hatari ya mwanariadha wa miaka 24 kufa kwa UVIKO-19 ilikuwa ndogo, hilo halina ubishi. Lakini mchezaji huyo haishi peke yake. Wachezaji wengi wa ligi zetu wanaishi na wazazi, bibi na wadogo zao katika nyumba moja, na benchi la ufundi lina makocha na madaktari waliovuka miaka 60. Aidha, virusi vinavyoweza kuathiri misuli ya moyo ni hatari ya pekee kwa mtu anayelazimishwa kukimbia kwa nguvu zote kabla hajapona sawasawa, na ndiyo sababu madaktari wa michezo walisisitiza uchunguzi wa moyo kabla ya mchezaji aliyeugua kurudi mazoezini.

Kuna pia majeraha ya kawaida. Mtu aliyefanya mazoezi ya chumbani kwa miezi miwili, kisha akaambiwa acheze mechi mbili kwa juma, yuko karibu sana na kuchanika misuli. Bodi inayotunga sheria za soka duniani, IFAB, iliruhusu tarehe 8 Mei 2020 mabadiliko ya wachezaji watano badala ya watatu kwa ajili hiyo. Ruhusa ilikuwa ya muda, na tangu mwaka 2022 imekuwa sheria ya kudumu.

“Mechi bila mashabiki” ina maana ya watu wangapi?

Ni wengi kuliko inavyodhaniwa. Utaratibu wa Ujerumani uliruhusu watu wapatao 300 kwa mechi moja, waliogawanywa katika kanda tatu: wa eneo la kuchezea, wa majukwaani na wa nje ya kuta za uwanja. Hesabu hiyo inajumuisha waamuzi, waokota mipira, mafundi wa kamera, walinzi, watu wa huduma ya kwanza na waandishi wachache. Kwa hiyo mechi bila mashabiki bado ni mkusanyiko, na inahitaji orodha ya majina getini, ili mtu mmoja akiugua ijulikane alikuwa ukanda gani na alikaa karibu na nani.

Mashabiki wakizuiwa uwanjani, si watajaa kwenye vibanda umiza?

Ndiyo, watajaa, na hili ndilo swali ambalo mipango iliyonakiliwa kutoka Ulaya hailijibu. Kibanda umiza ni chumba kimoja cha mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia au khanga kuukuu ili mwanga usiharibu picha, mabenchi yamebanana goti kwa mgongo, na kiingilio kimekusanywa mlangoni kwa sarafu zinazopita mikono mingi. Kwa ugonjwa wa njia ya hewa, chumba cha namna hiyo chenye watu 80 ni kibaya kuliko jukwaa la wazi lenye watu 800.

Kwa hiyo anayefunga uwanja bila kushughulikia vibanda amehamisha hatari kutoka mahali penye polisi na daktari hadi mahali pasipo na yeyote. Njia zilizopo si nyingi: mechi kubwa zionyeshwe kwenye runinga isiyo ya kulipia, ratiba ipangwe ili mechi mbili zinazovuta watu zisigongane jioni moja, na vibanda vyenyewe vipewe masharti ya idadi ya watu na kufungua madirisha. Sharti la mwisho ni gumu kulisimamia, na afisa afya wa kata anayetumwa peke yake kumwondoa shabiki wa Yanga dakika ya 85 anastahili kuonewa huruma.

Mchezaji mmoja akikutwa na maambukizi, timu nzima itengwe?

Inategemea amri ya mamlaka ya afya ya mahali husika, na hapo ndipo usawa wa ligi unapoweza kuvunjika. Mwezi Mei 2020 klabu zilizokutana na maambukizi Ujerumani hazikufanyiwa jambo moja. Wengine waliendelea baada ya kuwatenga walioathirika tu, lakini Dynamo Dresden ya daraja la pili iliwekwa karantini timu nzima kwa siku 14, ikaanza ligi ikiwa imechelewa, ikacheza mechi mfululizo kufidia viporo, na mwisho wa msimu ikashuka daraja. Kanuni ya karantini inapaswa kuandikwa na kufanana kwa timu zote kabla mpira haujaanza kuviringika.

Je, watu wa soka hufuata masharti wanayowekewa?

Si mara zote. Siku chache kabla ya ligi ya Ujerumani kurudi, Salomon Kalou wa Hertha Berlin alijirekodi akiwashika mikono wenzake na kuingia chumba ambamo mwenzao alikuwa akipimwa, na klabu ikamsimamisha. Kocha wa Augsburg, Heiko Herrlich, alitoka hotelini alikotakiwa kubaki akaenda dukani kununua dawa ya meno, akalisimulia jambo hilo mwenyewe mbele ya waandishi, na akaikosa mechi ya kwanza. Tofauti ya ligi makini na ligi ya mzaha haiko katika ukamilifu wa watu wake. Iko katika kama kocha aliyekwenda kununua dawa ya meno anakaa benchi au anakaa nyumbani.

## Fedha

Je, sababu ya kutaka kurudi si fedha tu?

Kwa kiasi kikubwa ni fedha, na hakuna aibu kulisema. Klabu za Ulaya huishi kwa haki za matangazo, na mechi isiyochezwa ni fedha inayodaiwa kurudishwa. Nyuma ya mishahara mikubwa ya wachezaji wachache kuna wafua jezi, madereva, walinzi na wapishi ambao hawana akiba. Kinachokera ni kuificha sababu hiyo nyuma ya maneno ya kuwapa watu matumaini.

Klabu zetu hutegemea viingilio. Mechi bila mashabiki inamsaidia nani?

Hapa ndipo hesabu ya Afrika Mashariki inapotofautiana kabisa na ile ya Ulaya. Klabu inayopata sehemu kubwa ya mapato mlangoni, ikicheza bila mashabiki, inalipia usafiri, hoteli, posho na vipimo bila kuingiza kitu. Kwake, kurudi uwanjani kunaweza kuwa hasara kubwa kuliko kukaa nyumbani. Kenya ilikuwa katika hali hiyo hasa: SportPesa ilikuwa imeondoa udhamini wake mwaka 2019, ligi haikuwa na mdhamini mkuu, na baadhi ya timu zilikuwa zikihangaika kulipa nauli hata kabla ya janga. Kumaliza msimu mapema kuliziumiza, lakini kucheza mechi zilizobaki bila mashabiki kungeziumiza zaidi. Ligi yenye mkataba wa matangazo na mdhamini, kama ilivyokuwa Tanzania, ilikuwa na sababu ya kufikiri tofauti.

FIFA ilipitisha mpango wa misaada wa dola bilioni 1.5, ambapo kila shirikisho mwanachama lilitengewa ruzuku ya dola milioni 1, na dola 500,000 zaidi kwa ajili ya soka la wanawake. Fedha hizo zilipitia kwenye mashirikisho, na mchezaji wa timu ya katikati ya msimamo ana haki ya kuuliza ni kiasi gani kilimfikia.

## Ubingwa na haki

Ni haki kumpa mtu ubingwa kabla ya mechi zote kuchezwa?

Inakuwa haki ikiwa kanuni iliandikwa kabla ya yeyote kujua nani atanufaika nayo. Uganda ilikuwa na kanuni ya namna hiyo: ikiwa asilimia 75 ya mechi imekwisha kuchezwa na msimu hauwezi kuendelea, anayeongoza ndiye bingwa. Vipers walikuwa wamecheza mechi 25 kati ya 30, wako mbele ya KCCA kwa pointi nne. KCCA waliumia, lakini hawakuweza kusema wamebuniwa sheria.

Ufaransa inaonyesha kinyume chake. Waziri Mkuu Édouard Philippe alitangaza tarehe 28 Aprili 2020 kwamba msimu hauwezi kuendelea, na siku mbili baadaye ligi ikapanga timu kwa wastani wa pointi kwa kila mechi. Lyon ilijikuta ya saba na nje ya mashindano ya Ulaya, Amiens na Toulouse zikashushwa daraja, na wote wakaenda mahakamani. Mahakama ya juu ya utawala ilikubali kumalizwa kwa msimu lakini ikasimamisha kushushwa kwa timu hizo mbili, na ligi ikalazimika kulipigia kura upya suala hilo, ambapo zilishushwa tena. Mwezi Agosti, Lyon hiyohiyo ikafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, jambo ambalo halikuwapoza mashabiki wake.

Bingwa aliyetangazwa mezani hutambuliwa na CAF, shirikisho la soka la Afrika?

Ndiyo. Gor Mahia, APR na Vipers wote waliingia Ligi ya Mabingwa Afrika ya msimu wa 2020/21 kama bingwa mwingine yeyote. Ratiba hata iliwakutanisha Gor Mahia na APR katika hatua ya awali: APR walishinda 2-1 Kigali, Gor Mahia wakapindua kwa 3-1 Nairobi.

Je, Tanzania ilikosea kurudi Juni 2020?

Kwa upande wa soka, kurudi kulizaa matunda. Mechi zilizobaki zilichezwa, na baada ya wazo la awali la kukusanya timu zote kituo kimoja kuachwa, timu zilicheza nyumbani na ugenini kama kawaida. Simba walitawazwa tarehe 28 Juni kwa sare ya 0-0 na Tanzania Prisons mjini Mbeya, wakiwa na pointi 79. Hakuna aliyeshushwa daraja kwa hesabu ya karatasi, na hakuna kesi ya aina ya Lyon.

Kwa upande wa afya jibu haliwezi kuwa la namna hiyo. Takwimu za mwisho zilizotolewa kwa umma zilikuwa za mwisho wa Aprili na mwanzoni mwa Mei, zikionyesha wagonjwa 509 na vifo 21, na baada ya hapo kimya kikatawala hadi mwaka uliofuata. Ligi ilirudi bila mwananchi, daktari wa klabu wala mchezaji kuweza kupima uamuzi huo kwa namba zozote. Ndiyo maana tunaona kosa halikuwa kurudi. Kosa lilikuwa kurudi gizani, kwa sababu mtu asiyepewa takwimu hawezi kukubali hatari wala kuikataa, anaingizwa tu ndani yake. Hoja hii inategemea kipimo kilichoelezwa katika jibu la kwanza la sehemu ya afya.

Kukusanya timu zote mji mmoja kuna faida?

Kunapunguza safari, na Afrika Kusini ilifanikiwa. Mnamo Agosti 2020 mechi zote za ligi yake zilizobaki zilichezwa katika jimbo la Gauteng, na msimu ukafika mwisho tarehe 5 Septemba, Mamelodi Sundowns wakiwapokonya Kaizer Chiefs taji siku ya mwisho. Lakini kunahitaji hoteli, viwanja vya mazoezi vya kutosha na fedha za kuwalaza watu mamia kwa wiki nzima nzima.

Mkataba wa mchezaji ukiisha kabla ya msimu ulioahirishwa kumalizika?

FIFA ilipendekeza mnamo Aprili 2020 kwamba mikataba irefushwe hadi mwisho halisi wa msimu, lakini pendekezo halimfungi mchezaji asiyetaka. Ryan Fraser alikataa kuongeza majuma machache na kuiacha Bournemouth mwisho wa Juni, ikiwa katika vita ya kushuka daraja, ambayo hatimaye iliipoteza. Mikataba ya kwetu inapaswa kutaja “mwisho wa msimu” pamoja na tarehe.

## Wachezaji na watumishi

Mchezaji anaweza kukataa kurudi?

Anapaswa kuweza. Troy Deeney, nahodha wa Watford, alikataa kuanza mazoezi kwa kuwa mwanawe wa miezi mitano alikuwa na matatizo ya kupumua, na N’Golo Kanté aliruhusiwa na Chelsea kufanya mazoezi nyumbani. Hao walikuwa na majina na akiba. Beki wa pembeni wa timu ya mkoani mwenye mkataba wa msimu mmoja, ambaye mshahara wake wa miezi miwili haujalipwa, akikataa ataambiwa abebe mabegi yake. Kwa hiyo haki ya kukataa haina maana isipoandikwa kwenye kanuni za ligi, pamoja na sharti kwamba mshahara wake hautakatwa. Haki hiyo iwafikie pia waamuzi, ambao wengi wao hulipwa kwa mechi na kwao kukataa ni sawa na kulala njaa.

Kwa nini ligi za wanawake mara nyingi haziruhusiwi kurudi?

Kwa sababu ya fedha. England na Uhispania zilimaliza ligi zao za wanawake mnamo Mei 2020 huku za wanaume zikirudi Juni. Ujerumani iliirudisha ligi yake ya wanawake tarehe 29 Mei. Anayesema kwamba soka inarudishwa kwa ajili ya mchezo wenyewe na kuwapa watu faraja aeleze pia kwa nini faraja hiyo iwe ya wanaume tu.

## Hali zisizo za kawaida

Timu ikibaki bila golikipa kwa sababu ya maambukizi?

Itacheza, ikiwa ina wachezaji 11. Hivyo ndivyo kanuni za CAF zilivyosema katika Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Kamerun Januari 2022. Komoro, wakishiriki kwa mara ya kwanza na wakiwa wamefika hatua ya 16 bora, walijikuta golikipa mmoja ameumia na wawili wamekutwa na maambukizi. Ali Ahamada alipimwa tena akaonekana hana virusi, lakini kanuni ya kujitenga ikamzuia. Beki wa kushoto, Chaker Alhadhur, akavaa jezi ya golikipa yenye namba 3 iliyobandikwa kwa utepe, akasimama langoni dhidi ya wenyeji Kamerun. Nahodha Nadjim Abdou alitolewa kwa kadi nyekundu dakika za mwanzo. Komoro walifungwa 2-1 tu, bao lao likiwa mpira wa adhabu wa Youssouf M’Changama ambao ungeweza kumshinda golikipa yeyote.

Ushujaa ule ulisifiwa kila kona, na ulistahili. Hata hivyo, mashindano yanayomlazimu beki kudaka katika hatua ya mtoano yalikuwa na nafasi ya kuahirisha mechi kwa siku moja au mbili, na hayakuitumia.

Majibu ya vipimo vya mwenyeji yakitiliwa shaka?

Mwezi Machi 2021 mechi ya kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kati ya Sierra Leone na Benin mjini Freetown haikuchezwa, kwa sababu wageni waliambiwa wachezaji wao kadhaa wana maambukizi nao wakayakataa majibu hayo. Ilikuja kuchezwa Juni mjini Conakry, Sierra Leone ikashinda 1-0 na kufuzu. Tatizo halikuwa maabara peke yake: anayepima hapaswi kuwa na maslahi katika matokeo ya mechi, na majibu yanapaswa kutoka mapema kiasi cha kuruhusu kipimo cha pili.

Kanuni hizi zinafaa kwa magonjwa mengine, kama Ebola au Marburg?

Zinafaa kwa sehemu. Ebola na Marburg huenezwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mtu mwenye dalili au aliyefariki, si kwa hewa ya jukwaani, kwa hiyo kuwatambua wenye homa na kufuatilia waliowagusa kuna uzito kuliko kufunga majukwaa ya nchi nzima. Mlipuko wa Marburg uliotangazwa Kagera Machi 2023 ulikuwa wa eneo dogo. Katika hali ya namna hiyo swali hubaki kama mechi za mkoa mmoja zihamishwe, si kama ligi yote isimame.

Hofu nayo hufanya kazi yake. Mwaka 2014 Shelisheli iliamua kupoteza mechi kuliko kuipokea timu ya Sierra Leone. Morocco iliomba Kombe la Mataifa ya Afrika la 2015 liahirishwe kwa sababu ya Ebola, CAF ikakataa, na mashindano yakahamia Guinea ya Ikweta.

Ligi ikirudi, kisha wimbi jipya likaja?

Isimame tena, na kila mtu ajue hivyo tangu mwanzo. Rwanda ilisimamisha ligi yake Desemba 2020 baada ya masharti kukiukwa, na Kenya ikasimamisha michezo mwishoni mwa Machi 2021 katika wimbi la tatu na kurudi Mei. Kanuni ya asilimia iliyoelezwa kwa Uganda inafaa iwepo kila msimu kwa sababu hiyo.

Na mechi za ndondo na mabonanza ya mtaani?

Timu za mtaani hazina daktari, vipimo wala orodha ya wanaoingia, na mashabiki husimama kwenye mstari wa uwanja wakimpumulia mshika kibendera. Maadamu amri ya kuzuia mikusanyiko ipo, zisichezwe. Amri ikiondolewa, mratibu awe na mambo mawili tu mkononi: namba ya simu ya kituo cha afya kilicho karibu, na daftari lenye majina ya wachezaji wa timu zote mbili.